Zebaki Haitoki kwa Ndimu: Ushauri kwa Walaji Samaki wa Thika na Ruiru

Kamba, kaa na chaza si vyakula vya Mombasa na Lamu peke yake tena. Mkazi wa Ruiru akitaka kilo ya kamba huagiza kwa simu asubuhi, mzigo ukapanda basi la usiku, na kesho yake akauchukua stejini ukiwa umefungwa na barafu. Pamoja na mzigo huo husafiri habari: kwamba viumbe wa mikokoni wamejaa zebaki, kwamba samaki wa kutoka China ni sumu tupu, kwamba mama mjamzito asiguse samaki kabisa. Ujumbe wa sauti unazungushwa kwenye kundi la WhatsApp la chama, na jioni hiyo mama muuza samaki wa Makongeni anarudi nyumbani na beseni ambalo halijapungua.

Makala haya ni ya mnunuzi huyo na muuzaji huyo. Zebaki ndani ya samaki ni jambo la kweli, lakini usalama wako unategemea aina ya samaki, ukubwa wake na maji aliyotoka. Kuacha samaki si dawa. Tena kwa wengi wetu huku bara, zebaki iliyo karibu zaidi huenda haipo kwenye sahani kabisa. Ipo kwenye kabati la vipodozi na kwenye pipa la taka.

Inavyofika mikokoni

Zebaki ni metali ya asili, lakini sehemu kubwa ya ile inayozunguka hewani na majini leo imeachiwa na binadamu. Uchimbaji mdogo wa dhahabu peke yake hutoa zaidi ya theluthi moja ya zebaki inayopanda hewani duniani kutokana na kazi za watu. Hapa Kenya, wachimbaji wa Migori na Kakamega huichanganya na mchanga wa madini ili inase dhahabu, kisha huichoma. Mvuke hupanda, mabaki huenda na maji ya mvua. Uchomaji wa makaa ya mawe, viwanda vya saruji na majaa yanayowaka moto huongeza sehemu yao.

Ikiwa katika umbo hilo la awali, zebaki haiingii kwa urahisi kwenye nyama ya samaki. Mambo hubadilika ikifika kwenye tope. Mikoko humea pale maji ya mto yanapokutana na maji ya bahari, mahali penye tope jeusi linalonuka kama yai viza kwa sababu halina hewa. Ndani yake wamo bakteria wanaoishi bila oksijeni, na katika shughuli zao huigeuza zebaki kuwa methilizebaki. Hii ndiyo inayoingia kwenye nyama ya viumbe, ikashikamana na protini na kubaki humo. Mizizi ya mikoko nayo hunasa udongo unaoletwa na mito, na udongo huo hubeba metali nyingine nzito pia, zikiwemo risasi na kadimiamu. Hivyo mikoko huikinga bahari, lakini uchafu hubaki palepale wanapoishi kaa na kombe.

Mtazame chaza aliyejibanza kwenye mzizi wa mkoko. Hawindi wala hahami. Maji yakijaa hufungua magamba yake, akavuta maji, akayachuja kwa mashavu na kula vijidudu vilivyomo. Lita baada ya lita hupita mwilini mwake, na kila kilichomo ndani ya maji hayo, kizuri kwa kibaya, humpitia. Kombe aliyejifukia mchangani hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana wanasayansi wakitaka kujua afya ya hori fulani hupima chaza na kome wake.

Hata hivyo kuna jambo ambalo ujumbe wa WhatsApp hausemi. Methilizebaki huongezeka kila samaki mmoja anapomla mwingine. Kidudu cha majini huwa nayo chembe, samaki mdogo anayekula maelfu ya vidudu huwa nayo zaidi, na papa aliyekula samaki kwa miaka ishirini huwa nayo kwa wingi. Kamba na chaza wako chini kabisa ya ngazi hiyo, na maisha yao ni mafupi. Wakitoka kwenye maji safi, zebaki yao ni ndogo mno. Cha kuhofia zaidi kwa chaza na kombe ni vijidudu vya maji taka, kadimiamu na risasi, hasa wakivunwa karibu na mji, kiwanda au jaa.

Mahali ndipo penye kesi

Kisa kilichoifundisha dunia kuhusu zebaki kilihusu samaki na kombe. Katika mji wa Minamata, Japani, kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga maji yenye methilizebaki kwenye ghuba tangu 1932 hadi 1968. Mwaka 1956 madaktari walitangaza rasmi ugonjwa ambao haukuwa na jina. Wavuvi na familia zao walikufa ganzi mikono na midomo, wakashindwa kutembea sawasawa, macho yakaona kwa ufinyu. Paka waliokula mabaki ya samaki walirukaruka kama wendawazimu kisha wakafa. Kina mama ambao wenyewe walionekana wazima walizaa watoto wenye ulemavu mkubwa wa ubongo. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki uliopitishwa Oktoba 2013 na kuanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017 unaitwa Mkataba wa Minamata kwa ajili ya watu hao. Kenya ni miongoni mwa nchi zilizoutia saini.

Kilichodhuru watu hakikuwa aina ya kombe, bali maji aliyoishi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayekuuzia kaa au chaza ni "wametoka wapi?" Pwani ya Kenya si moja. Zaidi ya nusu ya misitu yetu ya mikoko iko Lamu, penye viwanda vichache. Gazi na Vanga upande wa Kwale, na hori ya Mida karibu na Watamu, ziko mbali na bandari. Hori zinazoizunguka Mombasa ni habari nyingine. Tudor hupokea maji taka ya mji. Makupa ilikaa miaka na mikaka kando ya jaa la Kibarani kabla jaa hilo halijafungwa. Port Reitz na Kilindini ni njia ya meli na mafuta. Chaza au kombe aliyetoka kwenye hori hizo, mwache. Muuzaji asipojua mzigo wake umetoka hori gani, nunua kamba au samaki wa kawaida, kombe waache siku hiyo.

Hesabu ya sahani

Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo wameweka kikomo cha methilizebaki: mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa wiki. Kikomo hiki kimewekwa kwa kumfikiria kiumbe dhaifu kuliko wote, yaani mtoto aliye tumboni. Mama wa kilo 60 basi ana nafasi ya mikrogramu 96 kwa wiki. Mtoto wa kilo 15 ana nafasi ya 24.

Sasa tuchukue wastani wa vipimo vilivyokusanywa kwa miaka mingi na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani. Vipimo vya samaki wetu vinaweza kutofautiana navyo kidogo, lakini mpangilio wa aina za samaki kwa jumla ni uleule.

Kamba: miligramu 0.009 za zebaki kwa kilo. Sahani ya gramu 200 ina mikrogramu zisizofika mbili. Mama yule angehitaji kula takriban kilo kumi za kamba kwa wiki ili afikie kikomo chake.

Chaza: 0.012. Ngege, yaani tilapia: 0.013. Dagaa wa jamii ya sadini: 0.013. Hawa wote ni salama kwa upande wa zebaki.

Kaa: 0.065. Sahani ya gramu 200 ina mikrogramu 13. Bado ni sawa kwa mtu mzima, mradi kaa asiwe wa hori chafu.

Jodari wa kopo wa aina ya kawaida: 0.126. Gramu 120 za nyama yake zina mikrogramu 15. Kwa mama si kitu. Kwa mtoto wa kilo 15 ni zaidi ya nusu ya nafasi ya wiki nzima.

Papa: 0.979. Sahani moja ya gramu 200 ina mikrogramu 196. Hizo ni mara mbili ya kikomo cha wiki kwa mama wa kilo 60, kwa mlo mmoja tu. Sulisuli na nduaro, samaki wakubwa wenye pua ndefu, hawako mbali na papa. Nguru mkubwa naye aheshimiwe.

Ukizisoma namba hizo kwa utulivu utaona kichekesho chake. Mtu anaogopa kamba wa mikokoni, kisha akienda Mombasa anarudi na furushi la papa mkavu kama zawadi ya nyumbani. Na samaki akikaushwa, maji hutoka lakini zebaki hubaki, kwa hiyo gramu mia za papa mkavu zina zebaki nyingi kuliko gramu mia za papa mbichi.

Sokoni: cha kuuliza na cha kuchagua

Samaki wengi wanaouzwa Thika na Ruiru hawatoki baharini. Wanatoka Ziwa Victoria kupitia Gikomba, wengine kwenye mabwawa ya wafugaji, wengine Masinga, na wengine kwenye makasha ya barafu yaliyoagizwa nje. Ukisimama mbele ya meza ya samaki, fikiri hivi.

Omena ni wa kwanza kwenye orodha yangu. Ni mdogo, anaishi muda mfupi, yuko chini ya ngazi, na huliwa mzima pamoja na mifupa, kwa hiyo anakupa kalisi ambayo minofu haina. Shida yake ni mchanga na uchafu wa mahali alipoanikwa. Mchambue, muoshe kwa maji ya moto mara kadhaa, kisha umkaange.

Ngege ni wa pili, awe wa ziwani au wa bwawani. Samaki wa bwawa hulishwa chakula cha kutengenezwa na huvuliwa baada ya miezi michache tu, kwa hiyo hapati muda wa kukusanya zebaki. Hata tilapia wa kutoka China, ambao mwishoni mwa 2018 Rais Uhuru Kenyatta mwenyewe alizungumza dhidi ya kuingizwa kwao, wako kwenye kundi hilo la samaki wa muda mfupi. Ukimkataa kwa kumtetea mvuvi wa Kisumu, hiyo ni sababu ya heshima. Kwa upande wa afya, angalia zaidi kama amekaa kwenye baridi njia nzima. Aliyeyeyuka akagandishwa tena huwa na nyama inayoachana na maji mengi kwenye pakiti.

Mbuta anahitaji jicho. Yeye hula samaki wenzake, na kadiri anavyokuwa mkubwa ndivyo zebaki inavyoongezeka. Sheria za Ziwa Victoria zinataka avuliwe akiwa na urefu wa kati ya sentimita 50 na 85, na kwa mlaji pia ukubwa huo ndio mzuri. Minofu minene iliyokatwa kutoka kwa jitu la kilo thelathini mwachie mtu mzima, tena kwa nadra. Mgongo wazi, ile mifupa iliyobaki baada ya minofu kuuzwa nje, una nyama kidogo na hivyo zebaki kidogo. Supu yake haina neno.

Kambare na kamongo ni wawindaji wa chini ya tope. Mdogo ni sawa, mkubwa sana mle mara moja moja. Kambare wa mtoni karibu na bomba la maji taka usimle hata akiwa mdogo.

Kamba mnunue akiwa mgumu, ana harufu ya bahari na kichwa kimeshikamana na mwili. Kaa mnunue akiwa hai. Akifa kabla ya kupikwa huoza haraka kuliko unavyodhani. Chaza na kombe lazima magamba yao yawe yamefunga, au yafunge ukiyagonga. Gamba likikaa wazi kabla ya kupikwa, tupa. Likikataa kufunguka baada ya kupikwa, tupa vilevile.

Muuzaji naye ana la kufanya. Andika kwenye daftari lako siku uliyonunua, mahali ulikonunua na aina ya samaki. Mteja akiuliza "wametoka wapi?" umjibu bila kubabaika. Uvumi ukitokea, mwenye jibu ndiye atakayeendelea kuuza.

Jikoni: kinachosaidia na kisichosaidia

Ndimu, siki, chumvi, tangawizi na kuloweka usiku kucha havitoi zebaki. Kuchemsha, kukaanga, kuoka na kufukiza moshi havitoi zebaki. Imeshikamana na protini ya nyama yenyewe. Maziwa, ambayo wazee wetu hutuambia huua sumu, hayaipunguzi hata kidogo ikishaliwa. Kijiko cha fedha au kitunguu kuwa cheusi ndani ya sufuria hakipimi chochote.

Yako yanayosaidia. Kwa kaa, toa ule uto wa kahawia ulio chini ya gamba pamoja na mashavu yake, kwa sababu kadimiamu hukusanyika humo kuliko kwenye nyama nyeupe ya miguu. Kwa kamba, ondoa kichwa na ule utumbo mweusi wa mgongoni. Usinyonye vichwa kila siku, na usivichemshe kutengeneza supu ya mtoto. Kwa samaki, tupa matumbo, ini na mashavu.

Kwa chaza na kombe, moto ni wa lazima. Wapike hadi magamba yafunguke, kisha waendelee kuchemka dakika kadhaa. Moto hauondoi metali, lakini huua vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na homa ya ini vinavyotoka kwenye maji taka. Chaza mbichi kwa ndimu ni starehe ya watu wanaojua hori yao na afya ya maji yake. Huku bara, aliyesafiri usiku kucha kwenye basi, usimle mbichi.

Nani awe mwangalifu zaidi

Makundi matatu: mama mjamzito au anayetarajia kupata mimba, mama anayenyonyesha, na mtoto mdogo. Methilizebaki huvuka kondo la nyuma, na ubongo wa mtoto unaojengeka hauwezi kujitetea. Mwilini huchukua siku zipatazo 50 kupungua nusu, kwa hiyo mwanamke anayepanga kupata mtoto aanze kuwa mwangalifu miezi kadhaa kabla.

Lakini msinielewe vibaya, kina mama. Mjamzito asiyekula samaki kabisa anajikosesha mafuta yanayojenga ubongo uleule tunaoulinda, pamoja na madini ya joto, chuma na zinki. Ushauri unaotolewa na wataalamu ni milo miwili hadi mitatu kwa wiki ya samaki wa zebaki kidogo: omena, ngege, kamba, dagaa, mkizi. Papa, sulisuli, nduaro na majitu mengine ya baharini waache mpaka utakapomaliza kunyonyesha. Kwa mtoto, kipande kiwe sawa na kiganja chake mwenyewe.

Zebaki ya kabatini

Tukiondoka sokoni tuingie nyumbani. Fungua kabati la vipodozi, chukua ile sabuni au krimu ya kung'arisha ngozi, usome karatasi yake. Ukiona "mercury", "mercuric", "mercurous", "calomel" au "mercurio", umeshika sumu. Ukiona onyo kwamba isiguse dhahabu, fedha wala alumini, shuku vivyo hivyo, kwa sababu zebaki hushambulia metali hizo. Na kama haina orodha ya viungo kabisa, au imetiwa kwenye kikopo kisicho na jina la mtengenezaji, isiingie nyumbani kwako. Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, lilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki zamani, na nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zimekubaliana kuviondoa kabisa. Bado vinapita mipakani na kuuzwa kichinichini.

Zebaki ya krimu huingia kwa ngozi na kwa pumzi, ikaenda kuharibu figo. Haiishii kwa anayejipaka. Hukaa kwenye taulo, kwenye mto wa kitanda, kwenye shavu la mtoto anayebusiwa. Umekuwa ukiitumia? Iache leo, ifunge ndani ya mfuko usiopitisha hewa, fua matandiko na taulo kivyake, kisha umwone daktari na umwambie wazi ulichokuwa unapaka. Kuvimba miguu na mkojo wenye povu ni ishara zisizosubiri wiki ijayo.

Kisha taa. Balbu za kuokoa umeme zenye mirija iliyojipinda, na zile tyubu ndefu za dukani, zina miligramu chache za zebaki kila moja. Ikivunjika, watoe watoto, fungua madirisha na usubiri robo saa. Usifagie kwa ufagio, unatawanya vumbi. Okota vipande kwa karatasi ngumu, vumbi ulitoe kwa kitambaa chenye maji au utepe wa kunata, weka vyote kwenye chupa yenye kifuniko. Kipimajoto cha zamani chenye mstari wa fedha kikivunjika, kusanya matone kwa karatasi mbili ngumu uyatie kwenye chupa. Usiyamwage kwenye sinki, wala usimruhusu mtoto ayachezee kwa kuwa yanapendeza. Kifaa kama hicho kipeleke kwa wanaopokea taka za umeme, kama WEEE Centre ya Nairobi, au uulize afisa wa mazingira wa kaunti. Pipa la kawaida la Thika huishia jaa la Kang'oki, na jaa likiwaka, zebaki inarudi kwenye hewa tunayopumua.

Jambo moja kwa wakulima: mbegu iliyotiwa dawa na kupakwa rangi haigeuzwi ugali, hata njaa iwe kali vipi na hata ikioshwa rangi ikatoka. Irak, kati ya 1971 na 1972, familia za vijijini zilisaga ngano ya mbegu iliyotiwa methilizebaki na kuoka mikate. Mamia walikufa hospitalini.

Mto wetu, mikoko yao

Chania na Thika hukutana mjini Thika, karibu na hoteli ya Blue Posts. Kutoka hapo maji huenda Masinga, yakaingia Tana, yakafika baharini Kipini kwenye mikoko ya Tana Delta. Maji ya Mto Ruiru hatimaye huingia Athi, na Athi ukibadilisha jina kuwa Galana kisha Sabaki hufika baharini kaskazini ya Malindi. Kwa maneno mengine, betri iliyotupwa mtaroni Kiandutu na mafuta machafu yaliyomwagwa gereji ya Ruiru yako safarini kwenda kwa kaa yuleyule tunayemwogopa akiwa sahanini.

Hata kabla ya kufika huko, metali hizo hututembelea sisi wenyewe. Sukuma wiki inayomwagiliwa maji ya mto yaliyochanganyika na majitaka hufyonza metali kwa mizizi. Kuosha huondoa vumbi la juu. Kilicho ndani ya jani hakioshwi. Mwulize mama mboga shamba lilipo. Mfugaji wa samaki naye asichimbe bwawa chini ya kiwanda, gereji au jaa, na maji yake ayapimishe kwenye maabara iliyoidhinishwa kabla ya kutia vifaranga.

Msijidanganye kwamba mwananchi hana nguvu. Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kilisambaza risasi hadi kwenye damu za watoto. Phyllis Omido, aliyefanya kazi hapo na mwanawe akapatikana na risasi mwilini, aliwakusanya majirani wakapima damu, wakaandamana, wakaenda mahakamani. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Uamuzi huo ulipingwa na kubatilishwa, na Desemba 2024 Mahakama ya Upeo ikaurejesha. Kilichowapa ushindi ni vipimo na kumbukumbu. Ukiona mto umebadilika rangi au samaki wameelea, piga picha, andika tarehe, saa na mahali, kisha peleka malalamiko kwa NEMA na kwa kaunti kwa maandishi, ubaki na nakala.

Ukihisi dalili

Ganzi ya vidole na midomo, kuyumba, mikono kutetemeka, macho kuona kwa ufinyu, kusahau kupita kawaida: hizi zaweza kuwa za zebaki, na zaweza kuwa za kisukari au upungufu wa vitamini, magonjwa yaliyo mengi zaidi. Nenda hospitali ukamweleze daktari chakula chako, kazi yako na vipodozi vyako. Zebaki ya samaki hupimwa kwa damu au nywele. Ya krimu hupimwa kwa mkojo. Usinunue dawa za kusafisha damu zinazotangazwa mitandaoni au stejini. Dawa halisi za kutoa metali mwilini zipo, zina madhara yake, na hutolewa hospitalini baada ya kipimo.

Basi endelea kula samaki. Weka omena na ngege mezani kila wiki, kamba mfuko ukiruhusu, kaa na chaza ukijua hori walikotoka, na papa mwache baharini ambako pia anahitajika. Ukimaliza kusoma, fungua lile kabati la vipodozi usome karatasi ya kila kikopo. Kisha kesho, kabla hujatupa betri au balbu, kumbuka kwamba mtaro wa mbele ya nyumba yako unaishia baharini.